Somo Wake, Somo Lake

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa, si kwa woga, bali kwa sababu sheria yake inamtaka kila alisikiaye jina hilo asimame wima papo hapo, na huenda msomaji ameshika kikombe cha uji wa moto.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Eliwaza, mke wa Mbazi, mpiga kengele wa stesheni ya treni. Treni ilikuwa haijafika kwa miaka kumi na mitatu, lakini kengele haikuchelewa hata siku moja, na Mbazi alikuwa na barua tatu za pongezi. Eliwaza mwenyewe hakupelekwa shule utotoni. Alianza masomo ya jioni akiwa na miaka arobaini na moja, nyuma ya ukumbi wa kanisa, na baada ya miaka miwili alikuwa amefika kwenye ngeli za nomino. Alizipenda kama mtu apendavyo kabati lenye droo nyingi: watu hapa, miti pale, kila kitu na nyumba yake. Jioni aliyofundishwa ngeli ya A-WA alipiga magoti kumshukuru Mungu kwamba hata katika sarufi watu wamewekwa mbele.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Nakijwa, mwenye miaka saba, aliyepewa jina la bibi yake mzaa mama. Bibi huyo aliishi milimani, mwendo wa siku mbili kwa basi, na alikuwa hajawahi kumtia machoni mjukuu wake. Sababu ilikuwa rahisi. Likizo ya wapiga kengele hutolewa mara moja kila baada ya miaka saba.

Mwaka ule likizo ya Mbazi ikaja, siku kumi na nne, katikati ya muhula wa shule. Na juma lile lile ikaja barua kutoka milimani, iliyoandikwa kwa mkono wa jirani:

"Mwanangu Eliwaza, macho yangu yana presha. Mganga wa zahanati anasema hayana dawa hapa. Naona kama kwa tundu la ufunguo, na tundu linaziba. Nataka kumwona somo wangu kabla halijaziba. Usiniletee kitenge. Niletee somo wangu."

Eliwaza akaisoma mara nne, kwa kuwa alikuwa bado anafurahia kusoma, kisha akaisoma mara ya tano na kulia.

*

Zamani katika nchi ile mtoto aliyesafiri na wazazi wake wakati wa muhula alihesabiwa mtoro, na wazazi wake walihesabiwa watoro wa kumsaidia. Lakini serikali ina huruma. Mwezi ule Waziri wa Elimu na Burudani alihutubia taifa redioni.

"Wananchi," alisema, "serikali yenu imetafakari, ikatafakari tena, na mwisho ikatafakariwa. Kuanzia leo mtoto anaweza kusafiri na familia yake bila kukosa masomo, kwa kuwa masomo yatasafiri naye. Na kwa kuwa safari ni furaha, masomo hayo yatakuwa ya kufurahisha. Asiyefurahi atachukuliwa hatua."

Nchi nzima ilipiga makofi. Aliyekuwa peke yake alipiga ukuta.

Kesho yake, siku ya kwanza ya likizo, Eliwaza alikwenda Wizarani na Nakijwa, katika ofisi ya Mratibu Mwandamizi wa Furaha za Nje ya Darasa. Mratibu huyo aliitwa Bwana Lugendo. Aliteuliwa kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwona akicheka, na hivyo asingependelea upande wowote.

"Shikamoo," Nakijwa alisema. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, na salamu ikatoka na upepo.

"Marahaba. Nani kakwambia utabasamu kabla ya kusajiliwa?" Bwana Lugendo alisema, akamsukumia Eliwaza kitabu. "Hiki ndicho Kitabu cha Kazi za Kufurahisha kwa Mtoto Aliye Safarini. Kimeidhinishwa. Kimejaribiwa kwa wazee wanne wa bodi na hakikuwadhuru."

Eliwaza akafungua. Kazi ya kwanza ilisema: Hesabu mbuzi utakaowaona njiani. Wagawanye sawasawa kwa ndugu zako. Baki lirudishwe njiani. Kazi ya tatu: Imba wimbo uupendao kutoka katika orodha iliyoambatishwa. (Orodha ilikuwa na wimbo mmoja, na ulikuwa wa taifa.) Kazi ya saba: Cheka mara tatu, kila mara sekunde zisizopungua nne. Mzazi athibitishe kwa sahihi. Alama 15.

"Sasa jaza fomu," alisema Bwana Lugendo. "Hapa andika jina la mtoto. Hapa andika anakwenda wapi. Na hapa ndipo penyewe: taja somo."

Eliwaza akafumba macho kidogo, kama afanyavyo kila ashikapo kalamu, akamwomba Mungu amwongoze mkono. Kisha akaandika kwa herufi safi, zilizokaa juu ya mstari kama kuku juu ya kamba: *Anakwenda kumwona somo wake.*

Bwana Lugendo akasoma. Akachukua kalamu nyekundu. Akakata neno moja na kuandika juu yake: *lake.*

"Samahani, mzee," alisema Eliwaza. "Pale nimeandika 'wake' makusudi. Somo ni bibi yake. Wanaitwa jina moja. Ni mtu, ngeli ya A-WA."

"Mama, umesoma wapi?"

"Darasa la jioni."

"Ndiyo maana. Jioni mwanga ni hafifu. Somo ni LI-YA. Somo hili, masomo haya. Serikali haina somo lenye miguu."

"Lakini huyu ana miguu, mzee. Ni mama yangu mzazi."

Bwana Lugendo akaweka kalamu chini, akainama mbele kama mtu anayemsaidia jirani. "Nisikilize, mama. Ukiniambia mtoto anakwenda kumwona *mtu*, hayo ni matembezi, na matembezi wakati wa muhula ni marufuku. Ukiniambia anakwenda kuona *somo*, hiyo ni elimu, na elimu nitaigongea muhuri. Sasa niambie wewe mwenye ngeli. Ni wake au ni lake?"

Eliwaza alilitazama tundu la ufunguo wa mlango wa ofisi ile. Lilikuwa dogo sana.

"Ni lake," alisema.

Akiwa njiani kurudi nyumbani aliomba msamaha kwa dhambi ambayo hakuwa na hakika na jina lake. Aliiita dhambi ya ngeli, akaamini kwamba Mungu, aliyewaweka watu katika A-WA, angejua anasema nini.

*

Walirudi siku ya tatu kuchukua fomu, mabegi yakiwa yamefungwa. Bwana Lugendo aliwapokea amesimama, jambo ambalo alilifanya kwa Waziri tu.

"Hongera, mama. Mmelipatia taifa somo jipya."

Ikawa hivi. Fomu ilipopita idara ya mitaala, wataalamu walitafuta katika orodha ya masomo wasione somo liitwalo Bibi. Palikuwa na Jiografia, palikuwa na Maarifa ya Nyumbani, Bibi hapana. Mtu wa kawaida angedhani kuna kosa. Wataalamu si watu wa kawaida. Walidhani kuna pengo, wakakesha siku mbili mchana kulijaza. Muhtasari wa somo ulikuwa tayari, kurasa thelathini na moja: Lengo kuu, mwanafunzi aweze kutambua bibi. Malengo mahususi, mwanafunzi aweze kueleza sehemu za bibi na kazi zake. Vifaa, bibi mmoja au picha yake.

"Basi tunaweza kwenda?" Eliwaza aliuliza.

"Kwenda wapi? Somo jipya halisomwi kabla halijakaguliwa."

"Na mtakwenda lini kulikagua?"

"Wizara haiendi kwa somo, mama. Somo huja Wizarani. Gari limekwishaondoka alfajiri kwenda kulichukua." Akatazama kalenda. "Likishakaguliwa, mwanafunzi atafanya mtihani wa majaribio mwisho wa mwezi. Akifaulu, ataruhusiwa kusafiri kwenda milimani kulisoma."

"Milimani, mzee? Na lenyewe litakuwa hapa?"

"Hilo," alisema Bwana Lugendo, "litakuwa sehemu ya kufurahisha."

*

Mbazi alisubiri nyumbani. Siku ya tano alifungua mabegi, akatoa shati moja. Siku ya saba alitoa mashati yote. Siku ya nane aliamka mapema akaenda kupiga kengele, kwa kukosa pa kwenda, na akaandikiwa onyo la kufanya kazi akiwa likizoni.

"Mke wangu," alisema aliporudi, "mimi nimengoja treni miaka kumi na mitatu, najua kungoja. Lakini huku ni kungoja kwa namna nyingine. Treni angalau haijui kwamba ninaingoja."

Siku ya tisa gari la Wizara lilirudi kutoka milimani. Bibi Nakijwa alishushwa, akasainiwa, akafungwa mkononi kadi yenye namba, akapelekwa katika bohari ya vifaa vya kufundishia. Alipewa kiti kati ya tufe la dunia lisilo na ncha ya kusini na kiunzi cha mifupa ya mtu kilichoning'inizwa kwa waya.

Eliwaza alipopata habari alikimbia na chupa ya chai na mkoba wa viazi vitamu, amemshika Nakijwa mkono. Mlangoni mwa bohari alisimama Bwana Lugendo.

"Wewe ingia," alisema. "Nimekuandika kama matengenezo ya kifaa. Mtoto, hapana."

"Kwa nini?"

"Mama, unaniuliza kwa nini? Mtahiniwa aone somo kabla ya mtihani? Huko ni kuvujisha! Kuna watu wako ndani kwa kosa dogo kuliko hilo."

Nakijwa akaachwa barazani, amekaa kwenye benchi na Kitabu chake cha Kazi za Kufurahisha, akijaribu kucheka sekunde nne. Alifika mbili.

Ndani, Bibi Nakijwa alikuwa amekaa wima, ushungi umefungwa vizuri, amekunja mikono kama mtu aliyealikwa harusini akakuta maharusi hawajafika.

"Eliwaza? Ni wewe? Sogea, sogea hapa mbele. Ahaa. Nimeona pua. Ni yako."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, huyu bwana mwembamba hapa ubavuni mwangu ni nani? Tangu asubuhi namsalimia hajibu. Ndiye mkwe wangu?"

"Si mtu, mama. Ni mifupa."

"Nilijua. Mbazi barua zake zilikuwa na nyama." Akacheka, na Eliwaza akaona kwamba mama yake naye hana tena meno mawili ya mbele. Kisha kicheko kikaisha. "Somo wangu yuko wapi?"

"Nje. Barazani. Hawamruhusu mpaka mwisho wa mwezi."

Bibi Nakijwa alinyoosha mkono, akaugusa uso wa mwanawe kama mtu anayetafuta swichi.

"Nilikuandikia tundu la ufunguo," alisema. "Hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Sasa ni tundu la sindano, mwanangu. Mwisho wa mwezi nitamwona nani?"

Eliwaza akapiga magoti palepale sakafuni, kati ya dunia na mifupa. Hakuomba kwa maneno mengi. "Bwana," alisema, "mimi sijui lugha ya ofisi. Wewe uliyemfungua punda kinywa, nifungue na mimi." Akabaki magotini kitambo. Kisha akainuka, akajifuta vumbi, akatoka nje.

*

"Mzee," alimwambia Bwana Lugendo, "nimekuja kutoa taarifa ya matengenezo."

"Toa."

"Kifaa kinaharibika."

Kalamu nyekundu ikasimama. "Kinaharibika vipi?"

"Macho yanafunga. Muhtasari ulionionyesha, ukurasa wa sita, unasema, sehemu za bibi: macho mawili, yanayoona. Mwisho wa mwezi yatakuwa hayaoni. Kifaa kitakuwa pungufu."

Bwana Lugendo akafungua ukurasa wa sita. Akasoma. Jasho likamtoka pembeni mwa sikio.

"Nani alisaini kukipokea?" aliuliza kwa sauti ndogo, ingawa alijua.

"Wewe, mzee. Uliandika 'kimepokelewa kikiwa kizima'. Ndivyo kadi yake mkononi inavyosema."

Katika nchi ile mtu anaweza kupoteza shule na asiulizwe, kwa kuwa shule ni kubwa na haieleweki imekwenda wapi. Lakini kifaa chenye namba kikiharibikia boharini, aliyesaini huandika maelezo ya kurasa arobaini, nakala saba, kwa mkono.

"Mtihani ni kesho saa tatu asubuhi," alisema Bwana Lugendo.

*

Chumba cha mtihani kilikuwa na meza mbili. Kwenye moja aliketi Nakijwa mdogo, ana penseli, rula na namba ya mtahiniwa. Kwenye nyingine, hatua sita mbele yake, aliketi Nakijwa mkubwa, ana namba ya kifaa. Eliwaza aliruhusiwa kusimama ukutani, kama matengenezo. Bwana Lugendo alisimama katikati na saa ya kusimamisha, tayari kupima furaha.

"Swali la kwanza," alisoma. "Tazama somo lililo mbele yako. Litambue. Alama kumi. Anza."

Mtoto akatazama. Alikuwa amesikia habari za mtu huyu maisha yake yote, na sasa hakujua aanzie wapi. Akafanya alichofundishwa nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Nakijwa akageuza kichwa taratibu, akiitafuta sauti ile. "Nani anayeniamkia kwa upepo? Ni wewe, somo?"

"Naam, somo!"

Bwana Lugendo akashtuka. "Simamisha! Nani somo hapa?"

"Yeye," walisema wote wawili, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

"Haiwezekani. Mmoja ni mwanafunzi, mmoja ni somo. Wewe mtoto, wewe ni nani?"

"Mimi ni Nakijwa."

"Na wewe, kifaa?"

"Mimi ni Nakijwa. Na usiniite kifaa, mjukuu wangu, nina umri wa kukubeba mgongoni." Kisha akamsahau kabisa. "Somo, njoo karibu. Karibu zaidi. Hapo hapo kwenye mwanga wa dirisha. Sasa tulia, usitikisike, nikusome."

Na akamsoma. Alianza na sikio la kushoto, kwa kuwa ndilo lililoingia kwanza katika tundu. "Sikio hili si letu, ni la baba yako." Akapanda juu. "Paji la uso langu, masikini, utahangaika na vitambaa." Akashuka polepole, hatua kwa hatua, kama mtu asomaye barua kwa kidole, nyusi, jicho, jicho la pili, pua, mpaka akafika mdomoni. Hapo akasimama.

"Hebu fungua."

Nakijwa mdogo akafungua mdomo.

"Pengo!" Bibi akapiga kofi mezani. "Somo, tumetoka kiwanda kimoja!" Akafungua wake, akaonyesha pale palipokuwa na meno mawili. Na wakacheka, pengo kwa pengo, mkubwa na mdogo, wakilowana machozi, na kila mmoja alipotaka kunyamaza alimwona mwenzake, na kicheko kikaanza upya.

Bwana Lugendo alibonyeza saa. Sekunde nne zikapita. Kumi. Arobaini na moja. Akaitikisa saa, akaitazama nyuma yake. Mwongozo haukusema lolote kuhusu furaha iliyozidi.

Ukutani midomo ya Eliwaza ilikuwa ikicheza kwa sala.

*

Matokeo yalitoka saa tano. Bwana Lugendo aliyasoma amesimama.

"Mtahiniwa Nakijwa hakuandika jibu lolote. Badala yake alilikumbatia somo. Sifuri. Somo Nakijwa nalo limemsoma mtahiniwa bila kibali, kwa hiyo linahesabiwa mtahiniwa, na lenyewe halikuandika jibu. Sifuri. Kwa mujibu wa kanuni," na hapa akavuta pumzi, kwa kuwa adhabu ilikuwa kali, "wote wawili wamefeli. Watarudia kila mwanzo wa muhula, kwa usafiri wa Wizara, mpaka wafaulu. Mama, pole sana. Saini hapa."

Akamsukumia Eliwaza karatasi yenye muhuri na ile kalamu nyekundu, kisha akaenda boharini kuhakikisha mifupa imebaki yote.

Karatasi ilisema: *Kila mmoja arudie somo lake.*

Eliwaza akafumba macho kidogo, akaomba kuongozwa mkono. Kisha akasahihisha, herufi mbili tu, kama mwalimu wa jioni alivyomfundisha, iliyozidi inakatwa, iliyopungua inaongezwa juu. *Kila mmoja amrudie somo wake.* Akasaini. Karatasi ikaingia faili, na faili katika nchi ile halibishiwi na mtu.

Muhula uliofuata gari lilimleta tena bibi, na mara hiyo tundu lilikuwa limeziba. Alimsoma somo wake kwa vidole, akaanzia sikio la kushoto, kwa kuwa njia alikuwa anaijua. Meno mapya yalikuwa yameanza kuota. Akayapigia kelele kama mtu aliyeibiwa. Walipata sifuri.

Wamerudia mara tisa sasa. Juzi, wakingoja gari barazani pa Wizara, Nakijwa, ambaye sasa yuko darasa la tano na anaongoza, alimvuta mama yake nguo.

"Mama. Na nikifaulu je?"

Eliwaza, aliyechelewa shule mpaka miaka arobaini na moja, na ambaye kila jioni humwombea mwanawe afaulu, alimnyoosha kola ya sare.

"Wewe faulu Hisabati, mwanangu," alisema. "Hili tumwachie Mungu."